Nimepungua, sasa nisimame wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuacha kupunguza uzito na kuanza kuutunza

Ushauri wa namna ya kuanza kupungua umejaa kila mahali. Ushauri wa namna ya kusimama ni haba, na ndiyo maana maswali haya yananirudia kila mara kutoka kwa watu ambao wameshafanya kazi kubwa na sasa wako njia panda. Mimi nilishuka kutoka kilo 96 hadi 74. Nilipitiliza, nikarudi hadi 78, na huu ni mwaka wa sita niko hapo. Si daktari, ila nimeyasoma mambo haya kwa bidii kwa sababu nilijifunza mengine kwa maumivu.

Majibu yanawahusu watu wazima wenye afya ya kawaida. Kama unatumia dawa za sukari au presha, anza na swali la 17. Kama umewahi kuugua ugonjwa wa ulaji, au unahisi huwezi kuacha kupungua, anza na swali la 20 kabla ya mengine yote.

## Mambo ya msingi

1. Kupunguza uzito na kutunza uzito kuna tofauti gani hasa?

Unapopunguza, unaupa mwili chakula pungufu ya unachotumia, nao unafidia kwa kuchoma akiba yake. Unapotunza, kinachoingia na kinachotumika vinakaribiana. Si lazima vilingane kila siku. Vilingane ukijumlisha wiki mbili au tatu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Anayekula pungufu ya kalori 500 kwa siku hupoteza karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu mwendo hupungua kadiri mwili unavyokuwa mdogo. Kinachowashangaza wengi wakifika mwisho ni jinsi tofauti yenyewe ilivyo ndogo. Mara nyingi kati ya kupungua na kutunza kuna kalori 200 hadi 400 tu kwa siku: vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia na tunda moja. Anayetarajia karamu atavunjika moyo, na ni afadhali alijue hilo mapema.

2. Nikishafika, si narudi kula kama zamani?

Hapana. Ulaji wa zamani ndio ulioujenga mwili wa zamani, na utaujenga tena.

Mwili mdogo unatumia nishati kidogo. Kwa hesabu za watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall, kwa kila kilo unayopoteza, matumizi ya mwili hushuka kwa takriban kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa karibu kalori 100 kwa siku. Chukua mtu aliyepoteza kilo 10. Mwili wake unahitaji kalori 200 hadi 300 chini ya zamani, lakini njaa yake inamvuta ale kuliko alivyokuwa akila kabla hajaanza. Leptini, homoni inayotolewa na mafuta kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, imeshuka. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 uliwapima watu mwaka mmoja baada ya kupungua, na homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa.

Nakuomba uyashike haya. Ukifika kwenye uzito wako na bado unasikia njaa, huo si ulafi wala udhaifu. Ni mwili unaodai ulichokitoa.

3. Kutunza ni kwa muda gani?

Ni kwa maisha yote. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "naweza kufika uzito gani?" bali "uzito gani naweza kuulipia kila siku bila maisha yangu kuharibika?" Majibu mengi yaliyo hapa chini yamejengwa juu ya swali hilo. Mtu asimame akiwa bado na nguvu za kulinda alichokipata. Akisimama pale anapoanguka kwa uchovu, hana cha kulindia.

## Kuchagua pa kusimama

4. Uzito sahihi kwa urefu wangu ni upi?

Hakuna namba moja. Kipimo kinachotumika sana ni BMI: uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na 30 kwenda juu unene uliokithiri. Kwa watu wenye asili ya Asia madaktari huanza kuwa macho mapema zaidi, kwenye 23, kwa sababu hatari ya kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo.

Sasa angalia upana wake. Mtu wa mita 1.65 yuko ndani ya kawaida akiwa na kilo 51, na bado yuko ndani ya kawaida akiwa na kilo 67. Hizo ni kilo 16 za nafasi. Anayesema "uzito wangu sahihi ni 59" kwa sababu ni katikati ya chati, ameiomba chati kitu ambacho haina. Hesabu hii ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, aliyekuwa akitafuta wastani wa umati wa watu, wala hakukusudia kumwamulia mtu mmoja. Jina la sasa lilikuja mwaka 1972 kupitia Ancel Keys. Haijui kama kilo zako ni misuli au mafuta, wala mafuta hayo yamekaa wapi.

Itumie kama ua la nyumba: ukitoka nje yake, juu au chini, uwe na sababu. Ndani yake, amua kwa vigezo vingine.

5. Niamini mizani au kipimo cha kiuno?

Vyote viwili, lakini kama ningelazimishwa kubaki na kimoja ningebaki na futi ya fundi cherehani. Mafuta yaliyozunguka ini na utumbo ndiyo yenye madhara zaidi kwa sukari na moyo, na kiuno kinayaonyesha kuliko mizani. Kanuni rahisi ni kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 165 alenge chini ya 82.

Pima katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Wengi hupima pale suruali inapokaa, chini ya kitambi, wakajidanganya kwa sentimita nyingi tu.

6. Nimepungua sehemu ndogo tu ya kilo nilizopanga. Je, kiafya inatosha?

Pengine inatosha kuliko unavyodhani. Kupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuanzia huteremsha presha, sukari na mafuta ya kwenye damu kwa watu wengi. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, uliochapishwa 2002, walengwa waliambiwa wapoteze asilimia 7 tu na watembee dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiofanya hivyo. Kwa mwenye kilo 100, asilimia 7 ni kilo saba.

Wapo wanaohitaji zaidi. Katika utafiti wa Uingereza wa watu wenye kisukari cha aina ya pili uliotoka 2017, karibu nusu walirudi kwenye sukari ya kawaida bila dawa baada ya mwaka mmoja, lakini kati ya waliopoteza kilo 15 au zaidi walikuwa 86 katika kila 100. Kama lengo lako ni hilo, kusimama kwenye kilo saba ni mapema. Maana yake ni kwamba sababu iliyokuanzisha ndiyo inayokuambia pa kusimama. Aliyeanza kwa ajili ya magoti aulize magoti. Aliyeanza kwa ajili ya sukari aulize vipimo.

7. Nitajuaje kwamba mwili wenyewe unaniambia nisimame?

Mwili hausemi kwa neno moja. Husema kwa mambo madogomadogo ambayo kila moja peke yake lina kisingizio chake. Yakikutana matatu au manne, sikiliza.

Unahisi baridi wakati wenzako wanajipepea. Usingizi unakatika saa tisa usiku na unaamka na njaa. Nguvu zinarudi nyuma: uzito uliokuwa ukiubeba miezi miwili iliyopita sasa unakushinda, na ngazi zilizokuwa zimekuwa rahisi zimerudi kuwa ngumu. Hamu ya tendo la ndoa imefifia. Nywele zinatoka kwa wingi kwenye kitana, jambo ambalo mara nyingi hutokea miezi miwili hadi minne baada ya kupungua kwa kasi, hivyo linakuambia habari za nyuma. Unasimama ghafla unaona kizunguzungu. Una hasira za karibu.

Kwa mwanamke, hedhi ni kengele ya pekee. Ikianza kuruka miezi au ikikatika na huna mimba wala hujafikia umri wa kukoma hedhi, mwili umeamua hauna nishati ya kutosha. Homoni hizo ndizo zinazolinda mifupa. Usisubiri irudi yenyewe huku ukiendelea kupungua. Ongeza chakula na umwone daktari.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote haionekani kwa nje: chakula kimekuwa wazo la kwanza asubuhi na la mwisho usiku. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys yuleyule aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa miezi sita. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Kadiri walivyokonda walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula, kukivuta chakula kwenye sahani kikadumu saa nzima, kujitenga na wenzao. Hawakuwa na tatizo la tabia. Walikuwa na njaa ya muda mrefu. Ukijiona katika picha hiyo, swali la nisimame au nisisimame limeshajibiwa.

8. Zimebaki kilo tatu tu. Nizimalize?

Nitakujibu kwa yaliyonipata.

Kilo 20 za kwanza zilinichukua miezi kumi na moja. Nilipofika 76 nilikuwa nalala vizuri, napanda ngazi bila kuhema, presha imetulia. Lakini siku niliyoanza nilikuwa nimeandika 74 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu na kuizungushia duara, na duara hilo likawa amri. Kilo mbili hizo zilinichukua miezi minne. Nilikuwa naamka usiku na kusimama mbele ya friji, mlango wazi, nikisoma maandishi ya nyuma ya boksi moja baada ya jingine kana kwamba ni barua. Vidole vyangu vilikuwa baridi hata nikishika kikombe cha chai. Asubuhi moja mwanangu aliangusha maziwa mezani, nikamfokea mpaka akalia. Kwa sababu ya maziwa. Nikamwomba radhi mtoto, na siku hiyo nikaacha kulitumikia lile duara.

Kwa hiyo, kabla ya kilo tatu za mwisho, andika zitakuletea nini ambacho huna leo. Si "nitakuwa nimefika." Andika kitu: kipimo kitakachobadilika, nguo itakayoingia, maumivu yatakayopungua. Ukishindwa kuandika, simama. Ukiweza, endelea, lakini jipe mwisho wa wiki sita na ujichunguze kwa swali la 7.

9. Watu wananiambia nimekonda mno. Niwasikilize?

Wape uzito kulingana na walivyo. Aliyekuzoea ukiwa mnene atakuona umekonda hata ukiwa katikati kabisa ya kawaida, hasa usoni, ambako mafuta hupungua mapema na uso haukai sawa mpaka baada ya miezi kadhaa. Hao waambie uko salama na uendelee na shughuli zako.

Lakini anayeishi nawe akisema "siku hizi hucheki" au "unakula kwa kujificha", huyo hazungumzii kilo. Msikilize.

10. Kwenye kioo bado najiona mnene. Je, nimefika kweli?

Macho yanachelewa kuliko mwili, wakati mwingine kwa mwaka mzima. Niliendelea kuchukua shati la saizi ya zamani dukani muda mrefu baada ya kupungua. Jaribu kuweka picha mbili pembeni, ya mwanzo na ya leo, umevaa nguo ileile. Kama hata hapo huoni tofauti ambayo kila mtu anaiona, hilo ni la kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Kilo nyingine haziwezi kulitibu.

Ngozi iliyolegea ni jambo tofauti. Si mafuta, na kuendelea kupungua huifanya ionekane zaidi. Jipe mwaka mmoja au miwili ya uzito uliotulia kabla ya kuihukumu.

## Kuvuka kutoka kupunguza hadi kutunza

11. Niongeze chakula kiasi gani, na kwa kasi gani?

Hesabu nzuri kuliko zote ni ya mwili wako mwenyewe. Chukua wastani wa uzito wa wiki hii, na wastani wa wiki moja iliyokuwa wiki nne nyuma. Tuseme umepungua kilo 1.2 kwa siku 28. Zidisha 1.2 kwa 7,700, upate 9,240. Gawanya kwa 28, upate 330. Hizo ndizo kalori unazopaswa kurudisha kila siku ili usimame.

Rudisha nusu kwa wiki mbili za kwanza, kisha nusu iliyobaki. Wapo wanaoshauri kuongeza tone kwa tone kwa miezi. Sioni faida yake: unajirefushia njaa na bado hujatunza. Asiyehesabu kalori aongeze kiasi cha ngumi moja ya wanga kwenye mlo mmoja, akae hapo wiki mbili, aangalie wastani, kisha aamue.

Nyongeza hiyo iweke mahali palipokuwa panakuuma. Kama ni usiku ndio unaoteseka, iende usiku.

12. Nimeongeza chakula na mizani imeruka karibu kilo mbili ndani ya siku nne. Nimeharibu kila kitu?

Hujaharibu. Hapa ndipo watu wengi wanaogopa na kurudi kujinyima, kwa hiyo soma taratibu.

Hili ndilo daftari langu la juma la kwanza: Jumatatu 74.2, Jumanne 74.9, Jumatano 75.6, Alhamisi 76.1, Ijumaa 75.8, Jumamosi 75.9. Kati ya Jumatatu na Alhamisi ni kilo 1.9. Ili hizo ziwe mafuta ningepaswa kula zaidi ya kalori 14,000 juu ya mahitaji yangu ndani ya siku tatu. Nilikuwa nimeongeza 300 kwa siku. Kwa mafuta hata gramu 120 hazitimii.

Kilichoongezeka ni maji na chakula kilichomo tumboni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Miezi ya kujinyima ilikuwa imeipunguza akiba. Ukila zaidi inajaa. Chumvi nayo huongeza maji, na kwa wanawake siku za kukaribia hedhi vilevile. Kilo moja hadi mbili kwa wiki mbili za kwanza ni kawaida, kisha mstari unalala. Panga kabisa kwamba uzito wako wa kutunza utakuwa juu ya ule uliouona siku ya mwisho ya kujinyima.

13. Nitunze namba moja au nijiwekee mipaka?

Mipaka. Uzito huchezacheza kilo moja au mbili ndani ya wiki bila sababu ya maana, na anayelinda namba moja atakuwa kwenye vita kila asubuhi. Yangu ni 76.5 hadi 80. Wastani wa wiki ukivuka 80 kwa wiki mbili mfululizo, napunguza kidogo kwa wiki tatu au nne na kurudi. Ukishuka chini ya 76.5, naongeza chakula kwa uthabiti uleule. Mpaka wa chini watu wengi hawauweki kabisa, nami nauhesabu kuwa muhimu sawa na wa juu.

14. Niendelee kupanda mizani kila siku?

Kama namba hazikuharibii siku, ndiyo, kisha fanyia kazi wastani wa wiki. Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill, linalofuatilia watu waliopoteza angalau kilo 13.6 na kukaa hapo mwaka mmoja au zaidi. Takriban robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Kama mizani inakukondesha moyo, pima kiuno mara moja kwa mwezi na uvae suruali ileile moja isiyovutika. Inatosha.

15. Mazoezi yana nafasi gani sasa?

Kubwa kuliko wakati wa kupungua. Wakati wa kupungua chakula ndicho kilichofanya kazi kubwa. Wakati wa kutunza, kutembea sana ndiko kunakokuruhusu kula kama binadamu na uzito usipande. Wengi wa walioandikwa katika daftari nililolitaja kwenye swali la 14 hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na zaidi ni kutembea tu. Ongeza kunyanyua uzito mara mbili kwa wiki kwa ajili ya misuli, na protini ya kutosha, kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

## Hali za pekee

16. Uzito umegoma kushuka. Nimefika au nimekwama?

Jipe wiki sita za kumbukumbu za kweli kabla ya kujibu. Mara nyingi vipimo vya chakula vimelegea bila mtu kujua: kijiko kimekuwa cha kilima, mafuta yanamiminwa kwa jicho. Kama umepima kwa uaminifu na wastani haujasogea, mwili wako umefika usawa mpya, na kwenda mbele kutadai kula kidogo zaidi au kutembea zaidi ya sasa. Hapo rudi kwenye swali la 3. Ukiona unaweza kula hivi unavyokula leo kwa miaka kumi, huenda hapa ndipo pako. Ukiona huwezi hata mwezi mmoja, usiongeze kujinyima. Simama kwa miezi miwili au mitatu, tunza, kisha uamue upya. Kupumzika katikati ya safari kunakupa mazoezi ya kutunza kabla hujafika.

17. Natumia dawa za presha au kisukari. Kuna la kuangalia?

Lipo, na halisubiri. Mwili uliopungua unaweza kuwa na dozi kubwa kupita hitaji lake. Kizunguzungu ukisimama ni ishara ya presha kushuka mno. Kutetemeka, jasho la ghafla na moyo kwenda mbio ni ishara ya sukari kushuka, hasa kwa wanaotumia insulini au dawa za jamii ya glibenklamaidi. Mwone daktari apange dozi upya, usijikatie mwenyewe. Mwone tena unapoongeza chakula, maana hesabu inabadilika mara ya pili.

18. Nilipungua kwa dawa ya sindano. Nikifika, niache?

Usiache ghafla kwa uamuzi wako. Katika utafiti mmoja wa semaglutaidi, mojawapo ya dawa hizo za sindano, uliochapishwa 2022, watu walioacha dawa walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa ilikuwa inazuia njaa niliyoieleza kwenye swali la 2. Ikiondoka, njaa inarudi yote kwa pamoja. Kwa wengi, kutunza maana yake ni kubaki na dawa kwa dozi ambayo daktari ataipanga. Hilo si kushindwa, kama ambavyo mwenye presha hajashindwa kwa kumeza kidonge chake.

19. Nina zaidi ya miaka 65. Mipaka ni ileile?

Hapana. Katika umri huo misuli na mifupa inayopotea hairudi kirahisi, na kuanguka kuna gharama kubwa kuliko kilo chache za ziada. Simama mapema, tembea, nyanyua vitu vizito kwa usimamizi, na usile protini kidogo. Kama unainuka kwenye kiti bila kujishika na vipimo vyako vimetulia, sioni sababu ya kukimbizana na chati. Mjamzito naye asipunguze kabisa bila uangalizi, na anayenyonyesha asiwe na haraka.

20. Najua nimefika, lakini siwezi kuacha kupungua.

Asante kwa kulisema. Kama ukiongeza chakula unapatwa na hofu inayokutetemesha, kama unalipia kila mlo kwa mazoezi au kwa kujitapisha, kama mpaka wa chini unausogeza kila unapoufikia, huo ni ugonjwa na unatibika, na haujali una kilo ngapi. Mtu anaweza kuwa nao akiwa bado mnene machoni pa watu. Usijaribu kuumaliza kwa mahesabu ya swali la 11. Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, na umwombe akusindikize kwa daktari. Ukizimia, moyo ukidunda bila mpangilio au ukishindwa kabisa kula, nenda hospitali siku hiyohiyo.

21. Nimeacha kujitahidi, nakula vizuri, na bado napungua. Si bahati hiyo?

Sivyo. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, hilo linahitaji uchunguzi. Linaweza kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, maradhi ya tumbo, saratani au huzuni ya muda mrefu. Mengi kati ya hayo hutibika vizuri yakishikwa mapema. Aliyekuwa akipungua kwa kukusudia huchelewa kugundua kwa sababu kila mtu anampongeza, naye pia anajipongeza. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na tarehe rasmi ya kusimama: iandike kwenye daftari, pamoja na uzito na kiuno cha siku hiyo, ili daktari akiuliza "ulianza lini kupungua bila kujaribu?" uwe na jibu.